Siku Moja Brugge kwa Anayeshuka Melini Zeebrugge

Meli nyingi za kitalii zinazozunguka Ulaya ya kaskazini, zikiwemo zinazoanzia Southampton, hufunga gati Zeebrugge kwa siku moja, asubuhi hadi jioni. Kwenye ratiba huandikwa Brugge, lakini ukifungua pazia la kabini unachokiona ni bandari ya kazi: kreni, maghala, na magari mapya yaliyopangwa kwa safu yakisubiri kusafirishwa. Mji wenyewe uko kilomita kama 15 kutoka hapo, ndani ya bara. Kati ya gati na mji ndipo watu wengi hupotezea muda wao, na pesa zao pia.

Brugge ni mji wa kale wa Flandria, nchini Ubelgiji, uliozungukwa na kukatwakatwa na mifereji. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, mwaka uleule wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mwongozo huu ni kwa ndugu zetu wanaoishi Uingereza na kwingineko Ulaya wanaochukua likizo ya meli, kwa wanaotoka nyumbani moja kwa moja, na kwa mabaharia wa kwetu wenye saa chache za mapumziko. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: fuata maji. Maji ndiyo yaliyoutajirisha mji huu, maji ndiyo yaliyoutupa, na ukiyafuata kwa miguu utaona yote ya maana bila kukimbizana. Habari ya vivutio kumi katika saa tano waachie wengine.

Hatua ya 1: Viza, kabla hujalipia safari

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ili kushuka Ubelgiji, hata kama ni kwa saa sita tu. Kibali cha kuishi Uingereza hakikupi ruhusa hiyo. Hapa ndipo wengi wetu hukwama, kwa sababu jirani yako wa kabini mwenye pasipoti ya Uingereza haulizwi viza, nawe ukadhani safari ya meli ina utaratibu wake wa pekee. Haina. Kampuni ya meli inaweza kukukatalia kupanda kulekule unakoanzia, na nauli yako ikapotea.

Angalia pia idadi ya kuingia iliyoandikwa kwenye viza. Meli ikipita Ubelgiji, ikaenda bandari ya Uingereza au Ireland, kisha ikarudi Uholanzi, hapo umeingia Schengen mara mbili. Ukiomba viza, ambatanisha ratiba nzima ya meli na uombe ya kuingia mara nyingi. Kama safari inaanzia na kuishia Uingereza nawe si mkazi wa huko, hakikisha viza ya Uingereza nayo itakuruhusu kurudi. Mabaharia mna utaratibu wenu wa kitabu cha baharia na ruhusa ya kushuka; ulizeni ofisi ya wafanyakazi melini siku moja kabla, si asubuhi ile.

Hatua ya 2: Piga hesabu kuanzia mwisho

Jambo la kwanza la kuandika kwenye karatasi ni saa ya mwisho ya abiria kuwa ndani, ambayo huwa kabla ya saa ya kuondoka, mara nyingi nusu saa au saa nzima. Kisha rudi nyuma. Tuseme mnatakiwa kuwa ndani saa kumi na moja jioni. Jiwekee kufika kwenye basi la bandari saa kumi. Ili ufike hapo saa kumi bila wasiwasi, panda treni ya kutoka Brugge saa tisa au punde baada yake. Treni za upande huo huwa moja kwa saa, kwa hiyo ukiikosa moja si jambo la kungoja dakika kumi. Ukishuka melini saa mbili unusu asubuhi, utakuwa Brugge karibu saa nne. Una saa tano mjini. Hizo zinatosha kabisa.

Kuna mitego miwili ya saa. Wa kwanza: Ubelgiji iko mbele ya Uingereza kwa saa moja, na meli inayotoka Southampton inaweza kubaki na saa ya Uingereza au kubadilisha. Uliza meli inafuata saa ipi, kisha izuie simu isijibadilishie saa yenyewe, au vaa saa ya mkono iliyowekwa saa ya meli. Wa pili ni wetu sisi tuliozoea kuhesabu saa kwa Kiswahili: ratiba za treni huandikwa kwa saa 24, na 15:08 ni saa tisa na dakika nane alasiri. Ukiwa na mama au bibi asiyezoea, mwandikie kwenye kikaratasi saa ya kukutana kwa namna zote mbili, pamoja na jina la meli na jina la kituo cha treni, akiweke mfukoni.

Kampuni ya meli nayo itakuuzia matembezi ya basi. Faida yake ni moja, nayo ni kubwa: basi lao likichelewa, meli huwasubiri. Ukienda peke yako, meli haikusubiri. Kama una mtoto mchanga, mzee mwenye magoti mabovu, au moyo usiotulia, lipa ukatulie. Wengine endeleeni kusoma.

Hatua ya 3: Kutoka gatini hadi Brugge

Huruhusiwi kutembea kwa miguu ndani ya bandari. Basi la bandari huchukua abiria gatini. Kulingana na meli na siku, litawaacha nje ya geti au litawafikisha hadi kituo cha treni cha Blankenberge, mji mdogo wa ufukweni jirani na Zeebrugge. Uliza jioni ya kuamkia siku hiyo: basi linaishia wapi, linalipiwa au ni bure, na la mwisho la kurudi ni saa ngapi. Hilo swali la tatu ndilo la muhimu kuliko yote.

Ukiachwa getini, tramu ya pwani itakufikisha Blankenberge. Tramu hii hupita kandokando ya bahari kwa kilomita 67, tangu De Panne karibu na mpaka wa Ufaransa hadi Knokke. Unaweza kulipia kwa kugusisha kadi ya benki kwenye mashine ndani ya tramu.

Sababu ya kupendelea Blankenberge ni rahisi: reli inaishia pale. Treni yoyote inayoondoka Blankenberge lazima ipite Brugge, kwa hiyo asubuhi huwezi kupotea hata ukijaribu. Safari ni kama robo saa na nauli ni euro chache. Zeebrugge ina kituo chake, ila treni zake ni chache na hubadilika kati ya siku za kazi, wikendi na msimu. Teksi ipo, na kwa upande mmoja inaweza kufika euro 50 au zaidi. Mkiwa wanne si mbaya sana, ukiwa peke yako ni hasara.

Tafuta neno Brugge kwenye mabango. Jina la Bruges ni la Kifaransa na Kiingereza, na hapa ni nchi ya Kiholanzi. Watu wanaelewa Kiingereza vizuri. Usihangaike na Kifaransa chako ukidhani Ubelgiji yote ni ya Kifaransa.

Hatua ya 4: Ingia mjini kwa njia ya maji

Ukitoka kituoni, umati wote utaelekea barabara ya maduka iendayo uwanja mkuu. Usiwafuate. Shika kulia, upande wa bustani, na baada ya dakika kama kumi utafika Minnewater, ziwa dogo lenye bata-maji weupe. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1488 watu wa Brugge walimfunga Maximilian wa Austria, aliyekuwa akiitawala Flandria, na kumuua ofisa wake, Pieter Lanchals, naye Maximilian akawaamuru wafuge bata-maji milele kama adhabu. Ni hadithi, lakini kifungo kile na kifo kile ni historia ya kweli.

Vuka daraja dogo uingie Begijnhof. Huu ni ua mpana wenye nyumba nyeupe na miti mirefu, ulioanzishwa mwaka 1245. Waliishi humo wanawake wacha Mungu waliojitenga kwa sala na kazi bila kula kiapo cha utawa wa maisha. Walikuwa na mali zao na wangeweza kuondoka. Tangu mwaka 1927 wapo masista wa Kibenediktini. Ni makazi ya watu, si bustani ya picha, kwa hiyo ongea kwa sauti ya chini. Ukiwahi asubuhi utasikia majani tu.

Nje ya geti, kwenye uwanja wa Wijngaardplein, magari ya farasi husimama kunywesha farasi kwenye bomba lenye kichwa cha farasi. Nauli ya gari zima kwa nusu saa ni makumi ya euro. Mimi nisingelipa, unakaa juu, unapelekwa barabarani, na maji huyaoni ila ukivuka daraja.

Hatua ya 5: Panda boti mapema

Hili ndilo jambo ninalolisisitiza. Kuna magati madogo matano ya boti katikati ya mji, yote yana njia ileile ya kama nusu saa na bei moja, hivi karibuni karibu euro 15 kwa mtu mzima. Usitembee kutafuta ya bei nafuu. Chagua yenye foleni fupi. Boti huanza kazi karibu saa nne asubuhi, kwa kawaida kuanzia Machi hadi katikati ya Novemba, na ikifika saa sita mchana mistari inakuwa mirefu hasa siku ambayo meli zaidi ya moja zimefunga Zeebrugge. Ukitoka Begijnhof moja kwa moja, utakutana na boti kabla ya wenzako wa melini hawajamaliza kahawa.

Kaa pembeni, si katikati. Madaraja ni ya chini kiasi kwamba nahodha atakuambia uiname, na ukiinama unaona upande wa chini wa tao, mawe yaliyoota ukungu, na mstari wa maji kwenye kuta za nyumba. Hapo ndipo unaelewa kuwa nyumba hizi ziligeukia mfereji: zina milango inayofungukia majini na ngazi zinazoishia kwenye mawimbi. Mzigo uliingilia huko.

Zamani bahari ilikuwa karibu kuliko sasa. Mwaka 1134 tufani kubwa ilipasua pwani na kufungua mkono wa bahari ulioitwa Zwin, na kupitia mji mdogo wa Damme mizigo ikaingia hadi Brugge. Mwaka 1277 merikebu za Genoa zilifika kwa njia ya bahari, zikafuatwa na za Venice. Sufu ya Uingereza ilishuka hapa, vitambaa vya Flandria vikapakiwa, na pamoja navyo viungo, ngozi na divai. Katika uwanja mkuu palikuwa na ghala kubwa lililojengwa juu ya mfereji, boti zikipakua chini ya paa.

Kisha Zwin ikaanza kujaa mchanga. Waliuchimba na kuuchimba, bila mafanikio. Biashara ikahamia Antwerpen, na hapa pwani yetu ina mkono katika habari hii: Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi mwaka 1498 akielekea Calicut, na pilipili manga ya Wareno ilipoanza kufika Flandria mwaka 1501 iliteremshwa Antwerpen. Brugge ikabaki na makanisa yake na majumba yake bila pesa za kuyabomoa na kujenga mapya. Ndiyo maana unayaona leo.

Hatua ya 6: Michelangelo kwanza, halafu kingine kama muda upo

Kanisa la Mama Yetu lina mnara wa matofali wenye mita 115, huwezi kulikosa. Sehemu kubwa ya kanisa ni bure. Upande wenye sanamu ya Michelangelo una tiketi. Lipa. Ni Bikira Maria na Mtoto, ya marmari, aliyoichonga karibu mwaka 1504 akiwa hajafika miaka 30, ikanunuliwa na familia ya Mouscron, wafanyabiashara wa nguo wa Brugge waliokuwa na shughuli Italia. Sanamu yenyewe haifiki mita moja na nusu. Sogea hadi unaporuhusiwa na utazame mikono: mtoto amesimama katikati ya magoti ya mama kama anayetaka kuteremka, lakini mkono wake bado umeshika wa mama. Mama hamtazami. Macho yake yameshuka, ameinamia mbele, na uso umetulia kwa namna ya mtu anayejua jambo ambalo hajalisema. Kaa hapo dakika kumi. Makundi huja na kuondoka kwa mawimbi, na katikati ya mawimbi mawili utapata nafasi yako.

Sanamu hii imeibwa mara mbili. Mwaka 1794 Wafaransa waliichukua, ikarudishwa baada ya Napoleon kushindwa. Mwaka 1944 wanajeshi wa Ujerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliificha kwenye magodoro, wakaipakia kwenye lori la Msalaba Mwekundu na kuiondoa; ilipatikana mwaka uliofuata katika mgodi wa chumvi wa Altaussee, Austria.

Ng'ambo ya barabara ipo Hospitali ya Mtakatifu Yohane, iliyoanza karne ya 12, sasa makumbusho yenye kazi za Hans Memling. Mpenzi wa uchoraji aingie. Anayependa zaidi Jan van Eyck, aliyefia mjini hapa mwaka 1441, aende Groeningemuseum hatua chache mbele. Usiingie yote mawili. Angalia siku za kufungwa kabla, maana makumbusho ya mji hayafungwi siku moja yote.

Nyuma ya kanisa kuna daraja dogo la mawe, Bonifaciusbrug, ambalo kila mtu hulipiga picha akidhani ni la zama za kati. Lilijengwa karibu mwaka 1910. Ni zuri hata hivyo. Piga picha yako upite, wengine wanasubiri.

Hatua ya 7: Dijver, soko la samaki, Burg na Markt

Fuata mfereji wa Dijver hadi Rozenhoedkaai, kona inayoonekana kwenye kila kadi ya posta ya Brugge, yenye mnara wa kengele nyuma na maji mbele. Kuna msongamano daima. Endelea hadi Vismarkt, soko la samaki lenye nguzo za mawe, la mwaka 1821, ambako asubuhi za baadhi ya siku bado samaki huuzwa. Mzaliwa wa Forodhani au Kizingo atajihisi nyumbani kwa harufu, ingawa bei zitamrudisha Ulaya haraka.

Kutoka hapo kichochoro cha Blinde Ezelstraat kinakutoa Burg, uwanja wenye jengo la halmashauri lililoanza kujengwa mwaka 1376. Pembeni ni Basilika ya Damu Takatifu, ambamo huhifadhiwa masalia yanayoaminiwa na waumini kuwa ni damu ya Kristo. Kila sikukuu ya Kupaa, maandamano makubwa hupita mjini. Meli yako ikifika siku hiyo, barabara zitafungwa, jipange. Kanisa la chini, la karne ya 12, lina giza na ubaridi na halina mapambo, na kwangu mimi linagusa kuliko la juu lenye rangi.

Markt ndio uwanja mkuu. Katikati wamesimama Jan Breydel na Pieter de Coninck, viongozi wanaokumbukwa kwa uasi wa mwaka 1302, wakati watu wa Brugge walipowavamia askari wa mfalme wa Ufaransa alfajiri ya tarehe 18 Mei. Mnara wa kengele una mita 83 na ngazi 366, nyembamba, zinazozidi kubana kadiri unavyopanda. Tiketi hutolewa kwa saa maalumu. Kama hukununua mtandaoni mapema, achana nao. Utapoteza saa nzima ya siku yako ukiwa umesimama. Kengele zake 47 zinasikika bure kutoka chini.

Chakula: hapohapo chini ya mnara kuna vibanda viwili vya chipsi. Chipsi za Ubelgiji hukaangwa mara mbili, na kwa jadi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Mwislamu anayechunga halali aulize kabla ya kununua, kwani vibanda vingine hutumia mafuta ya mimea. Waffle kwa kawaida hazina shida hiyo. Baadhi ya chokoleti za kujazwa zina pombe ndani, basi mwambie muuzaji unataka zisizo na pombe. Wamezoea swali hilo na watakuchagulia moja moja. Soma pia maandishi ya pakiti za chokoleti ya asili moja: wapo watengenezaji wanaotumia kakao ya Tanzania, na ni vizuri kujua jasho la nani unalilamba. Migahawa inayozunguka Markt ni ghali kwa sababu ya mahali ilipo tu. Ingia vichochoro viwili nyuma yake.

Vyoo vingi ni vya kulipia, kwa hiyo weka sarafu mfukoni. Ukiwa ndani ya makumbusho, tumia cha humo. Vaa viatu vilivyozoea mguu. Barabara ni za mawe, na kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto kitakupa kazi. Baiskeli hapa hupita hata mahali ambapo magari hayaruhusiwi kupita, na haina mlio. Geuza shingo kabla ya kuvuka.

Hatua ya 8: Toka kwenye umati

Kama saa yako haijafika saba na nusu mchana, una nafasi ya kwenda sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kutoka Markt nenda kaskazini hadi Jan van Eyckplein. Mfereji wa Spiegelrei unaishia hapo, na jengo la ushuru, Tolhuis, bado lipo ukingoni. Merikebu ndogo zilifika hadi mlangoni pake kulipa. Hapa utaona mji wa biashara kuliko mahali pengine popote.

Fuata Spiegelrei upande wa mashariki, uvuke kuingia mtaa wa Sint-Anna. Ghafla watalii wanatoweka. Nyumba ni ndogo, mapazia ni ya lesi, watu wanarudi na mikate. Katika mtaa wa Balstraat kuna Kantcentrum, kituo cha lesi, ambako alasiri kina mama huonyesha kazi kwa mikono: mto mgumu mapajani, pini zimechomekwa kufuata mchoro, na vijiti vya mbao vyenye uzi vikipishanishwa kwa jozi, kulia juu ya kushoto, msokoto, pini, tena. Vidole havisimami na macho ya mfumaji yako kwenye pini, si kwenye vijiti. Aliyewahi kumtazama mtu akishona kofia kwa mkono Lamu ataelewa mara moja kwa nini kipande kidogo kina bei kubwa, na kwa nini lesi ya bei rahisi dukani ni ya mashine.

Ukiendelea kidogo utatokea kwenye ukingo wa mji wenye majani na vinu vya upepo. Sint-Janshuismolen ni wa mwaka 1770 na bado uko pale ulipojengwa. Kutoka hapa hadi kituo cha treni ni mbali, si chini ya nusu saa kwa miguu ya haraka. Rudi katikati upande basi la mji linaloandikwa Station.

Kwa mabaharia wenye saa tatu tu

Msijaribu njia yote. Shukeni na basi la kwanza, treni, kisha Begijnhof, boti, kanisa la Mama Yetu kwa nje, Rozenhoedkaai, na kurudi kwa njia ileile. Sahauni Markt kama saa imebana. Na kama ruhusa ni ya saa mbili, bakini Blankenberge: kuna ufukwe mpana, chakula, maduka ya kununulia vitu vya nyumbani, na intaneti ya kupigia simu familia bila kulipia ya melini.

Hatua ya 9: Kurudi, na mnara wa Kasongo

Wakati wa kurudi, tofauti na asubuhi, unaweza kupotea. Kutoka Brugge reli za pwani hugawanyika kwenda Blankenberge, Zeebrugge na Knokke. Treni za kutoka Brussels zimekuwa hata zikikatwa hapohapo kituoni, mabehewa ya mbele yakaenda upande mmoja na ya nyuma upande mwingine. Soma kibao cha behewa unalopanda, siyo cha jukwaa peke yake, na ukiwa na shaka muulize kondakta.

Ukifika Blankenberge na bado una dakika arobaini za ziada, tembea Kerkstraat hadi baharini, kama dakika kumi. Kwenye barabara ya ufukweni, Zeedijk, kuna mnara wa ukumbusho uliochongwa na Guillaume Charlier na kuzinduliwa mwaka 1900. Umewekwa kwa ajili ya Luteni Lippens na Sajini De Bruyne, mzaliwa wa mji huu, watumishi wa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II waliouawa Kasongo, Maniema, mwezi Desemba 1892. Walikuwa mateka wa Sefu, mwana wa Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, wakati vita ilipozuka kati ya dola ile na mabwana wa Kiarabu na Waswahili wa mashariki ya Kongo. Ubelgiji ilimkumbuka De Bruyne kama shujaa aliyepata nafasi ya kutoroka akakataa kumwacha mkubwa wake.

Simwambii mtu apige picha pale akitabasamu, wala simwambii aupite bila kuutazama. Nendeni mkausome. Msomaji wa Kasongo, Kindu au Bukavu atakuta jina la kwao ufukweni mwa Bahari ya Kaskazini, limesimuliwa na upande mmoja tu. Wapagazi, askari wa Kikongo wa pande zote mbili na wanavijiji waliokufa katika vita ile, wengi kuliko Wabelgiji hao wawili, hawana jiwe hapo. Kiswahili kilichosemwa Kasongo siku zile bado kinasemwa Kasongo leo. Mkiwa na watoto waliozaliwa Ulaya, hapo ndipo pa kuwaeleza, kwa lugha yenyewe.

Kisha geuka, urudi mahali basi la bandari lilipowaacha asubuhi, kituoni au getini. Pandeni la kabla ya la mwisho, msingoje la mwisho, maana hujaa. Kadi ya meli na kitambulisho viwe mkononi kabla ya kufika getini, chupa na visu vya zawadi viwe chini ya begi vikisubiri ukaguzi, na chokoleti ziwe juu, zisipondwe.